Baba ana moyo dhaifu na uvimbe kwenye pafu: je, apasuliwe?

Barua nne za toleo hili zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zote zinahusu mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika sana huku akiwa na tatizo la kifua ambalo kwa kawaida lingepelekwa chumba cha upasuaji. Nimeipa barua ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu maelezo yake ndiyo msingi wa majibu yanayofuata. Majina ya waandishi tumeyaficha. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa kwa macho. Nia yake ni kuwawezesha ndugu kuingia kliniki wakijua la kuuliza.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni msomaji wenu wa Makambako. Baba yangu ana miaka 63. Mwaka juzi aliambiwa moyo wake umetanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu, akaanzishiwa dawa, lakini amekuwa akizitumia kwa kurukaruka. Miezi miwili iliyopita alianza kukohoa damu kidogo. Alipigwa picha ya kifua, kisha CT skani, ikaonekana ana uvimbe sehemu ya juu ya pafu la kulia. Tulipofika kwa daktari wa upasuaji wa kifua, akaangalia majibu ya eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) yanayosema moyo unasukuma kwa asilimia 25, akasema hawezi kupasua kwa sasa, turudi kliniki ya moyo na tuonane naye baada ya wiki 6. Ndugu zangu wanasema hiyo ni lugha ya adabu ya kutuambia tukae nyumbani tusubiri msiba. Wengine wanataka tuuze shamba la miti tumpeleke India. Je, kuahirisha huku kuna maana, au tunapoteza muda wakati uvimbe unakua?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Kuahirisha upasuaji ili moyo utibiwe kwanza ni sehemu ya matibabu yenyewe, ilimradi kuahirisha huko kuna tarehe, kuna mpango ulioandikwa, na kuna kliniki inayomfuatilia mgonjwa katikati. Kinachopaswa kuwatia hofu ni kuambiwa "nendeni mtaitwa". Ninyi mmepewa wiki 6 na mmeelekezwa pa kwenda. Kwa maelezo uliyonipa, daktari huyo hakuwafukuza.

Nieleze kwanza maana ya ile asilimia 25, kwa sababu familia nyingi huisikia zikadhani robo tatu ya moyo imekufa. Kipimo hicho kinaonyesha ni kiasi gani cha damu iliyojaa kwenye chumba kikubwa cha kushoto cha moyo kinachosukumwa nje kwa kila pigo. Hata kwa mtu mwenye afya njema haifiki asilimia 100. Kawaida ni kati ya 55 na 70. Ikiwa 40 au chini ya hapo tunasema moyo umedhoofika, na ikiwa chini ya 30 udhaifu huo ni mkubwa. Kwa hiyo baba yako yuko katika kundi la hatari kubwa, hilo silifichi, lakini namba hiyo peke yake haitoshi kuamua kama apasuliwe au asipasuliwe. Watu wawili wenye asilimia 25 wanaweza kutofautiana sana: mmoja analala chali bila shida na kutembea hadi sokoni, mwingine analala amekaa akiegemea mito mitatu na kuamka usiku akitafuta hewa dirishani. Huyu wa pili hapaswi kupelekwa kwenye upasuaji wa kupangwa, hata kama daktari wake ni hodari namna gani, mpaka maji yaliyorundikana mwilini yatoke.

Sababu iko katika namna moyo na mapafu vinavyotegemeana. Upande wa kulia wa moyo hupokea damu kutoka mwilini na kuisukuma yote ipite kwenye mapafu. Upande wa kushoto huipokea ikiwa na oksijeni na kuisambaza. Upande wa kushoto ukichoka, damu hurundikana nyuma yake, yaani kwenye mapafu, na presha ya mishipa ya huko hupanda. Upande wa kulia, ambao kuta zake ni nyembamba, unajikuta ukisukuma dhidi ya mzigo usioumudu. Sasa daktari akiondoa pande moja la pafu, yaani mojawapo ya sehemu kubwa zinazoliunda, anaondoa pia mishipa iliyomo ndani yake, na damu ileile inabaki na njia chache za kupita. Ninyi mnaosafiri kwenda Dar es Salaam mnaujua mlima Kitonga: lori likiharibika na upande mmoja wa barabara ukafungwa, magari hayapungui, ila foleni inashuka mpaka bondeni. Moyo wenye nguvu huivumilia foleni hiyo, lakini moyo wa asilimia 25 ambao bado haujatibiwa ipasavyo unaweza kushindwa mezani, au usiku wa pili wodini.

Upasuaji wa pafu una mambo yake ambayo upasuaji wa ngiri au wa mguu hauna. Ili daktari aone vizuri anapokata, mtaalamu wa usingizi hulipumzisha pafu la upande unaopasuliwa na kumpumulisha mgonjwa kwa pafu moja tu. Oksijeni ya damu inaweza kushuka, hewa chafu ikapanda, na mishipa ya pafu lililopumzishwa ikajibana. Yote hayo yanauongezea kazi ule upande wa kulia wa moyo. Dawa za usingizi nazo hushusha presha, na moyo dhaifu hauna akiba ya kujiinua haraka. Kisha kuna suala la maji ya dripu. Mgonjwa wa kawaida akipewa chupa moja zaidi, figo zake zitaitoa. Mgonjwa wa moyo dhaifu aliyepunguzwa pafu anaweza kujaa maji kifuani kwa chupa hiyohiyo. Akipewa kidogo kupita kiasi, presha inashuka na figo zinaumia. Hapo mtaalamu wa usingizi anatembea kwenye ukingo mwembamba sana, na ndiyo maana mgonjwa kama baba yako anahitaji hospitali ambayo ina kitanda cha wagonjwa mahututi kilichotengwa kwa ajili yake kabla hajaingia chumba cha upasuaji.

Hatari haiishi nyuzi zinapofungwa. Siku ya 2 hadi ya 4 baada ya upasuaji wa pafu ndizo siku ambazo mapigo ya moyo hupenda kuvurugika, yakaanza kwenda mbio bila mpangilio, na hilo huwapata hata baadhi ya watu ambao moyo wao ulikuwa mzima. Halafu kuna maumivu. Mbavu zilizotanuliwa zinauma kwa kila pumzi. Mgonjwa anaogopa kukohoa, makohozi yanatuama, nimonia inaingia, oksijeni inashuka, na moyo unabeba gharama ya yote hayo. Kwa hiyo ganzi ya mgongoni au ya kandokando ya uti wa mgongo, ambayo humwezesha mgonjwa kukohoa na kukaa kitako siku ya kwanza, ni ulinzi wa moyo kabisa, na ni haki yenu kuuliza kama itakuwepo.

Wiki 6 zinaweza kubadilisha nini? Mengi, iwapo zitatumika. Kwa moyo uliodhoofika namna hii, matibabu ya sasa yana makundi manne ya dawa yanayotumika pamoja: zile za jamii ya enalapril au losartan, zile za kutuliza mapigo kama carvedilol na bisoprolol, spironolactone, na kundi jipya zaidi la dapagliflozin na empagliflozin, ambalo lilianza kama dawa ya kisukari. Juu yake huongezwa furosemide ya kutoa maji kulingana na hali. Zamani tulizipandisha dozi polepole kwa miezi. Utafiti wa STRONG-HF uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa waliotoka kulazwa kwa moyo kushindwa, kupandisha dozi ndani ya wiki chache, kwa kumwona mgonjwa mara kwa mara na kupima damu yake, kulipunguza vifo na kulazwa tena. Jambo hilo lina uzito kwa familia yenu, maana baba alikuwa akizirukaruka dawa. Moyo wake bado haujapewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake ukitibiwa vilivyo.

Msishangae, hata hivyo, kama eko ya wiki ya 6 itaonyesha namba ileile au iliyopanda kidogo tu. Misuli ya moyo huchukua takriban miezi 3 ya dawa kamili kabla ya kujirekebisha kwa kiwango kinachoonekana kwenye kipimo. Daktari atakuwa akitafuta mambo mengine: kwamba baba analala kwa mto mmoja, miguu haijavimba, uzito umetulia, presha na mapigo yako sawa, figo na chumvichumvi za damu haziyumbi. Mgonjwa aliyefika hapo ana hali tofauti kabisa na yule wa wiki 6 nyuma, hata kama karatasi ya eko inasema 27 badala ya 25.

Kazi ya nyumbani ni yenu. Mpimeni uzito kila asubuhi akishakwenda haja ndogo na kabla ya chai, kwa mizani ileile, na mwandike kwenye daftari. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si kunenepa, na aende kliniki bila kusubiri tarehe. Chumvi ipungue kweli: msimnyunyizie kwenye viazi, mwachane na samaki wa chumvi na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Kama anavuta sigara aache leo, kwa sababu angalau wiki 4 bila sigara kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya kifua. Asikae jikoni kwenye moshi wa kuni. Na ulanzi, najua msimu wake unapendwa, lakini pombe hudhoofisha misuli ya moyo moja kwa moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo barua yako haikulitaja, nami naliona kubwa kuliko yote: uvimbe huo ni nini? Hujasema kama kimechukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Hapa kwetu si kila uvimbe wa juu ya pafu ni saratani. Kifua kikuu hupenda sehemu za juu za mapafu, kinaweza kuacha donge linalofanana na saratani kwenye picha, na tundu lililoachwa na kifua kikuu cha zamani linaweza kuota fangasi ndani yake, nalo likamfanya mtu akohoe damu. Makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu, kama bado, na mumwulize daktari kama kinyama kinaweza kupatikana kwa sindano au kwa kamera ya njia ya hewa. Ikiwa ni kifua kikuu, baba anaweza kupona kwa vidonge bila kuguswa na kisu, ingawa madaktari wake wa moyo lazima wajue, kwa sababu dawa ya rifampisini huingiliana na dawa kadhaa za moyo na hasa warfarin. Ikiwa ni saratani, lazima ijulikane imefika wapi, maana si haki kumpitisha mtu mwenye moyo huu kwenye hatari ya upasuaji halafu ikaonekana ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kwenye ini. Wiki hizi 6 zitumike kwa pafu pia. Hapo hofu yenu ya kupoteza muda inapungua sana.

Ikithibitika kwamba upasuaji unahitajika, kuna hesabu ambayo madaktari huifanya, na si ngumu kuielewa. Mapafu mawili yana vipande vidogo 19 kwa hesabu hiyo, 10 kulia na 9 kushoto. Pande la juu la pafu la kulia lina vipande 3. Tuseme kipimo cha kupuliza kinaonyesha baba ana asilimia 70 ya nguvu ya pumzi inayotarajiwa kwa umri na urefu wake. Likiondolewa pande hilo anabaki na vipande 16 kati ya 19, yaani takriban asilimia 59. Likiondolewa pafu zima la kulia anabaki na 9 kati ya 19, ambayo ni kama asilimia 33. Wataalamu wengi huona zaidi ya 60 ni salama kiasi, chini ya 30 ni hatari kubwa, na katikati wanahitaji vipimo vya kutembea au kupanda ngazi. Angalia tofauti iliyopo kati ya kuondoa pande na kuondoa pafu lote; kwa moyo wa baba yako, kuondoa pafu zima ni jambo ambalo binafsi nisingelishauri ila kwa sababu nzito mno. Vipimo hivyo vya ngazi vifanyike hospitalini mbele ya wahudumu. Msimpandishe kilima kumjaribu.

Zipo pia njia ndogo zaidi. Uvimbe ulio pembezoni unaweza kukatwa kama kipande kidogo chenye umbo la kabari badala ya pande zima. Upasuaji wa matundu madogo kwa kamera huacha maumivu machache kuliko kufungua mbavu. Saratani ya mapema kwa mtu ambaye moyo wake hauruhusu kisu inaweza kutibiwa kwa mionzi iliyolengwa kwa usahihi mkubwa, na kwa saratani nyingine kuna mionzi ya kawaida na dawa. Taasisi ya Saratani Ocean Road ndiyo ya kuulizwa kuhusu yanayopatikana. Kwa baadhi ya wagonjwa, kuangalia tu kwa picha za mara kwa mara ndiyo busara. Daktari anayewaambia mojawapo ya njia hizi hajamkatia tamaa mzee wenu.

Kuhusu shamba la miti, naomba msiliuze bado. Swali lilelile la moyo wa asilimia 25 litaulizwa India, na hakuna jopo lenye uangalifu litakalompasua kabla ya kuutuliza moyo. Safari yenyewe ina hatari kwa mgonjwa ambaye hajatulia: hewa ndani ya ndege ikiwa angani inaweza kuwa nyepesi sawa na ya mwinuko wa takriban mita 2,400, kwa saa nyingi mfululizo. Ombeni kwanza rufaa ambako daktari wa moyo, wa upasuaji wa kifua, wa usingizi na wa saratani wanaweza kukaa pamoja na faili moja. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ya kanda yetu, na kwa moyo kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyo Dar es Salaam. Waulizeni maneno haya: uvimbe ni nini, bila upasuaji atategemewa kuishi vipi, upasuaji mdogo kabisa unaoweza kumsaidia ni upi, moyo ukifikia hali gani mtasema sasa yuko tayari, na kama hautafikia, mpango wa pili ni upi. Kisha mumwulize baba mwenyewe anataka nini, kwa sababu barua yako imetaja maoni ya ndugu wote isipokuwa yeye.

Akikohoa damu nyingi, kiasi cha kujaza kikombe, au akianza kuhema asiweze kumaliza sentensi, hakuna kusubiri wiki ya 6. Ni dharura ya saa hiyohiyo.

SWALI: Daktari, mimi niko Kihesa, Iringa. Kaka yangu anatarajiwa kupasuliwa pafu mwezi ujao, na ana moyo dhaifu pamoja na kisukari. Mtu mmoja aliyewahi kupasuliwa amemwambia dawa zote huachwa wiki moja kabla. Anatumia carvedilol, losartan, furosemide, dapagliflozin na aspirini. Aziache?

JIBU: Asiziache kwa maneno ya mtu, hata awe aliwahi kulala meza ileile. Kila dawa ina kanuni yake. Carvedilol kwa kawaida huendelea hadi asubuhi ya upasuaji, na kuikatisha ghafla kunaweza kuyafanya mapigo yapande vibaya. Kinyume chake nacho ni kweli: mtu ambaye hakuwa akitumia dawa za kundi hilo asianzishiwe dozi kubwa siku ya upasuaji. Utafiti wa POISE wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kufanya hivyo kulipunguza mshtuko wa moyo lakini kukaongeza kiharusi na vifo, na tangu hapo madaktari wamekuwa waangalifu.

Losartan mara nyingi husitishwa takriban saa 24 kabla, kwa kuwa ikichanganyika na dawa za usingizi inaweza kushusha presha sana. Kwa mgonjwa wa moyo dhaifu uamuzi huo ni wa mtaalamu wa usingizi na daktari wa moyo kwa pamoja. Dapagliflozin husitishwa angalau siku 3 kabla, maana mgonjwa anayefunga kula akiwa bado anaitumia anaweza kujaa asidi kwenye damu hata kama sukari yake haijapanda sana, na kwa kaka yako mwenye kisukari hilo ni la kukumbusha mara mbili. Furosemide ya asubuhi hiyo hutegemea kama bado ana maji mwilini. Aspirini, hasa kwa mtu aliyewekewa kifaa cha kuzibua mshipa wa moyo, mara nyingi huendelea. Kama aliwekewa kifaa hicho karibuni, upasuaji wa kupangwa huenda ukasogezwa kwa miezi. Wasomaji wengine wanaotumia warfarin wajue kwamba hiyo husitishwa takriban siku 5 kabla, chini ya uangalizi, na baadhi ya wenye vali (mlango wa moyo) ya bandia hupangiwa sindano za kuziba pengo hilo.

Achukue karatasi moja, aandike jina na dozi ya kila dawa kama ilivyo kwenye pakiti, na amwombe mtaalamu wa usingizi aandike mbele ya kila moja: endelea, acha siku fulani, anza tena siku fulani. Safu ya mwisho ndiyo husahaulika. Wagonjwa hurudi nyumbani wakiwa hawajarudishiwa dawa za moyo, na wiki tatu baadaye wanarudi hospitali wamevimba.

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Mama yangu ana miaka 49 na vali ya moyo iliyoharibika tangu utotoni. Ametolewa maji kifuani kwa sindano mara tatu mwaka huu, na yanarudi. Jirani yetu muuguzi mstaafu anasema kuna upasuaji wa kuziba nafasi hiyo ili maji yasijae tena. Upo? Unamfaa?

JIBU: Upo, lakini kwa mama naona tunaanzia mahali pasipo. Maji ya kifuani yanayosababishwa na moyo hukaa nje ya pafu, katika nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua, na hujaa kwa sababu presha nyuma ya moyo iko juu. Ukiziba nafasi hiyo bila kushughulikia vali, presha iko palepale, nawe umempa mgonjwa wa moyo mzigo wa upasuaji na maumivu ya kifua kwa faida ndogo.

Cha kwanza ni kujua kama maji hayo yalipimwa maabara. Maji ya moyo huwa mepesi, yenye protini chache. Ya kifua kikuu na ya saratani huwa na protini nyingi. Mama anaweza kuwa na ugonjwa wa vali na kifua kikuu kwa wakati mmoja. Mgonjwa anayetumia sana dawa za kutoa maji anaweza kuonyesha protini nyingi hata kama chanzo ni moyo, kwa hiyo daktari alinganishe na protini ya damu iliyochukuliwa siku hiyohiyo. Ombeni majibu ya sindano zote tatu yawekwe pamoja. Kama hayapo, sindano ya nne isitoke bila kwenda maabara.

Kama ni moyo, dozi ya furosemide na dawa nyingine ipitiwe upya, na vali yenyewe ijadiliwe na wataalamu wa moyo. Vali iliyokaza mara nyingine hufunguliwa kwa puto kupitia mshipa wa paja bila kupasua kifua, nyingine huhitaji kubadilishwa. Miaka 49 ni umri mdogo, na kila mwaka unaopita vali ikiwa haijarekebishwa presha ya mishipa ya mapafu inazidi kukomaa, mpaka hata upasuaji wa vali wenyewe unakuwa wa hatari. Mpelekeni mapema. Namshukuru jirani yenu kwa kujali.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu amefanyiwa upasuaji wa pafu Dar es Salaam, moyo wake pia si mzima, na ameruhusiwa kurudi kwetu Makete. Huko Dar alikuwa akihema vizuri. Tuna hofu na safari na baridi ya nyumbani.

JIBU: Marahaba. Hofu yenu ina msingi, na ningependa madaktari walio pwani waikumbuke zaidi kuliko wanavyoikumbuka. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 oksijeni inayoingia kwa kila pumzi hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano ikilinganishwa na usawa wa bahari. Mzee aliyeonekana yuko sawa Dar kwa kipimo cha kidoleni cha asilimia 93 anaweza kushuka chini ya 90 akifika Makete, na mishipa ya mapafu ikajibana zaidi. Kabla ya kuondoka, mwambieni daktari wazi kwamba mnarudi mahali pa mwinuko, na mwulize kama akae kwanza kwa ndugu mahali pa chini kwa wiki chache, au kama anahitaji mtungi au mashine ya oksijeni nyumbani. Kama kifua bado kina hewa iliyobaki nje ya pafu, asipande mlima wala ndege mpaka picha ionyeshe imekwisha.

Siku ya safari wazee wengi huacha furosemide ili wasilisumbue basi kwa kusimama njiani, wakifika miguu imejaa. Ongeeni na daktari ahamishe saa ya kuinywa, au mwafikiane na dereva mapema, au mlale Iringa katikati ya safari. Kila gari likisimama ashuke na kutembea kidogo, kwa sababu damu huganda miguuni kirahisi baada ya upasuaji. Akifika nyumbani, mwezi wa Juni na Julai msimwekee jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa. Hewa yake inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, naye hana akiba. Blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto vinatosha. Apimwe oksijeni siku ya pili baada ya kufika, zahanati iliyo karibu ikiwa na kipimo cha kidoleni. Ikiwa chini ya 90 akiwa amekaa ametulia, au akiwa na kizunguzungu na midomo ya bluu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na muende na karatasi aliyotoka nayo Dar.